Kaunta ya Babu Yako

Mume wangu Hamisi,

Marahaba. Huku Morogoro tu wazima, na mama yako kapanda maharage.

Unauliza hela ya jiko ianzie kwenye vigae au makabati, ili mkeo akirudi kutoka kwao ashangae. Marehemu babu yako naye aliwahi kunishangaza. Nilikuwa Gairo namuuguza dada yangu. Huku nyuma akamalizia akiba yetu kwenye kaunta ya zege yenye vigae vyeupe, usawa wa kifua changu. Nikaisifu, maana ilipendeza kweli. Jioni nikaweka jiko la mkaa juu yake, nikasongea hapo ugali wa watu wanane, mwiko ukagoma kugeuka. Ugali mwingi nausonga nimekaa kwenye kigoda, naukandamiza kutoka juu. Nikarudi uani kwenye mafiga, naye akaweka redio yake juu ya kaunta.

Msubiri mkeo. Apike siku moja, wewe mtazame tu anasimama wapi na anainama wapi, ndipo umwite fundi apige hesabu. Mimi kaunta yangu niliisifu mpaka babu yako anafariki. Ila kuipikia, sikuipikia tena.

Nisalimie mke mwenzangu.

Bibi yako