Suruali Zinazokunywa Maji

Dada yangu mpenzi,

Nianze kwa kukujulia hali. Hujambo? Mgongo unasemaje? Mama anapata usingizi siku hizi, au bado anaamka kabla ya jogoo na kumlaumu kwa kuchelewa? Na mguu wa shemeji vipi, ameanza kuukanyagia? Wanao nao, hasa yule mdogo mwenye maswali, wote nawaombea uzima. Mimi ni mzima, ila nimechoka, dada. Nalala na uchovu, naamka nao. Saa hizi ni mapumziko ya mchana, nimekaa kwenye benchi nyuma ya kiwanda, karatasi nimeiwekea mkoba chini yake. Ningeweza kukupigia simu, lakini nakujua: ungeniuliza nimekula nini, tungeongea hayo, na neno lenyewe lingenibaki kooni. Barua hii nampa jirani yako anayeshona hapa, atakuletea jioni.

Kazi yangu unaijua juujuu tu, maana kila nikianza kueleza Mama hunikatiza. Siku ile nilipomwambia kwamba napima maji yaliyomo ndani ya nguo, alikwenda kuishika suruali ya shemeji kwenye kamba, akasema hii imekauka, sasa wewe wanakulipa upime nini. Nilicheka hadi machozi. Lakini ndiyo kazi yenyewe. Suruali ya jinzi dukani ni kavu kabisa, ila pamba yake ilikunywa maji shambani, uzi wake ukanywa kwenye pipa la rangi, na ikishashonwa huoshwa tena na tena hadi ilainike na kupauka mapajani, kwa sababu watu wanataka kununua suruali mpya iliyokwisha kuchoka. Mimi nimechoka bure, hakuna anayeninunua. Basi wenye maduka makubwa wametaka maji hayo yahesabiwe na yapunguzwe. Shambani wana wapimaji wao; mimi nimepewa kiwanda hiki. Nafunga mita kwenye mabomba, nasoma, nagawa kwa idadi ya suruali zinazotoka, napata maji ya suruali moja. Wenzangu wameniita Bi Matone, na jina limekwama.

Mwaka huu, baada ya miezi ya kubembeleza watu wafunge koki na mafundi wazibe mabomba yanayovuja, maji ya suruali moja yalishuka. Yalishuka karibu nusu. Meneja wa kiwanda akaniambia wafanyakazi wamejifunza nidhamu. Mkubwa wangu ofisini akanisifu mbele ya watu, tukapigwa picha tumeshika chupa ya maji, sijui kwa nini chupa. Nami moyoni nilijua kwamba kuziba bomba hakupunguzi maji kiasi hicho. Lakini nilikuwa nimechoshwa na habari mbaya za kila mwezi, na ile nzuri ilipokuja sikutaka kuichokonoa.

Ndipo ukaniletea ujumbe wako. Uliandika kwa furaha kwamba umepata kazi ya nyumbani: gari la mizigo linakuletea suruali mpya asubuhi, unazisugua kwa jiwe na kuzisuuza uani, jioni linarudi kuzichukua. Majirani zako karibu wote wameipata. Karo ya watoto sasa inatoka mikononi mwako, ukasema, tangu shemeji alipoanguka kwenye jengo. Ukaniuliza kama najua dawa ya kutoa rangi ya buluu kwenye kucha. Mwishoni, kama mtu anayetaja habari ya paka wa jirani, ukaongeza kwamba kisima cha mtaa kimeanza kutoa tope, kamba imebidi iongezwe, na wanawake wanatukanana kwenye foleni.

Kesho yake sikwenda kwenye mita. Nilikwenda ghalani. Nikakuta suruali zinaingia kutoka nje, mishono bado ina unyevu, na furushi moja limefungwa kwa pazia letu la zamani la sebuleni, lile la maua ya kijani ambalo ulilichoma kwa pasi ukasema ni mimi. Alama ya pasi ilikuwapo vilevile. Mtunza ghala hakuficha kitu. Aliniambia uoshaji wa mwisho umehamishiwa majumbani tangu mwanzo wa mwaka, akashangaa kwamba sikuambiwa. Huko uani kwenu hakuna bomba wala mita, kwa hiyo kwenye hesabu yangu maji yale hayakuwapo duniani. Wewe ulikuwa unayachota, na mimi nilikuwa napongezwa kwamba yamepungua.

Nilimwendea meneja. Hakubisha. Alinieleza kwa upole kwamba mashine zao zina pampu ya kurudisha maji ya kusuuzia yakaoshe mzigo unaofuata, lakini pampu ilikufa na kuifufua ni gharama, ilhali uani kwa watu hakuna cha kuharibika. Kisha akasema maneno ambayo bado yamenikaa kifuani.

“Ukiwaandika wale akina mama, unawapokonya kazi. Usipowaandika, kila mtu anakula. Amua mwenyewe, Bi Matone.”

Nilikaa na jambo hilo siku kadhaa.

Sasa nafika pale paliponifanya nishike kalamu. Unaikumbuka ile Jumamosi nilipokuja kwako na ndoo mpya. Nilivua viatu nikasema leo kuchota ni kazi yangu, wewe osha tu. Uliwaambia majirani kwamba mdogo wako ana huruma, kwamba kusoma hakukumharibu. Dada, siku ile nilikuwa kazini. Nilichota mwenyewe ili nijue kila ndoo imekwenda wapi, na ndoo ile nilikuletea kwa sababu ujazo wake naujua. Uliponisimulia kwamba shemeji hulia akidhani umelala, niliitikia pole, pole, na huku kichwani nahesabu maji ya kusuuza mara ya tatu. Niliingia chooni nikaandika kwenye simu nisije nikasahau. Nilipotoka ukaniuliza kama tumbo linanisumbua, nikakubali, ukanichemshia maji ninywe.

Taarifa nimeipeleka kwa wenye maduka. Nyua zote zimo, na wa kwako umo. Suruali inayopita kwako inakunywa maji mengi kuliko ilivyokuwa kabla sijaanza kupima chochote, na yakishamwagwa mtaroni hayarudi. Nimeandika pampu itengenezwe, na wanaoosha majumbani waajiriwe ndani, mmoja mmoja kwa jina. La pampu wamelikubali palepale, na uoshaji unarudi kiwandani. La kuwaajiri wamesema wanalitafakari, na mimi nimefanya kazi hii vya kutosha, najua kutafakari kwao kunaishia wapi. Nitawasumbua kila wiki, lakini sitakudanganya kwamba nina uhakika.

Kwa hiyo Jumatatu gari halitakuja. Usichote maji, usitoe mabeseni, usimwamshe mtoto akusaidie kufungua mafurushi. Wenzako wataambiwa na dereva. Wewe nimeona ulisikie kwangu, kwa sababu ni mimi niliyelizuia gari hilo. Sikukuuliza kwanza. Ningekuuliza ungesema niache, na kwa jinsi ulivyonilea ningeacha, na kisima ambacho Mama anakitegemea kingekauka tukikitazama. Huenda nimekosea. Kila mtu hapa ananiambia nimefanya vyema, na kila wanaposema hivyo nazidi kujiona mwizi. Kisima kiliwekwa upande mmoja na wewe upande mwingine, dada, nami sikukuchagua wewe.

Nisalimie Mama sana, na habari hii mpe wewe kwa namna utakayoona inafaa, maana wewe ndiye unayejua kusema naye. Shemeji mpe pole ya mguu. Watoto wabusu, na yule wa maswali akiuliza kwa nini gari halikuja, mwambie aniulize mimi. Jumamosi nitakuja. Ukiufunga mlango nitakaa hapo nje, na nitakaa hadi utoke unitukane. Matusi yako nimeyazoea tangu utotoni, nayaweza. Ukininyamazia ndipo sitajua pa kwenda.

Wako wa tumbo moja,
Mdogo wako