Kumbikumbi wa Kichuguu Chetu

Jumamosi, Ihanda. Jua limewaka vizuri baada ya mvua ya jana, ila mimi sina raha hata kidogo.

Mchwa wanatumaliza. Miche ya mikaratusi tuliyopanda mwaka huu leo unaiona imesimama, kesho ukiigusa inalala. Mizizi imeliwa yote. Juzi mume wangu alinunua dawa Tunduma, chupa isiyo na karatasi ya jina, akaimimina kwenye kichuguu kilicho kando ya shamba. Hakumwambia mtu, hata mimi.

Leo asubuhi kumbikumbi wakatoka kwenye kichuguu hicho hicho. Mama mkwe aliwahi na beseni lake kama afanyavyo kila mwaka. Nilimkuta jikoni akiwakaanga, huku akitafuna wabichi. Nilifurahi, nikampelekea chumvi.

Mume wangu alipoingia na kuona kikaango, alikinyakua akakimwaga.

Mama alidhani mwanawe amechanganyikiwa. Aliposikia habari ya dawa alisema tumbo linamuuma. Sijui ilikuwa dawa au hofu. Tukakodi pikipiki hadi hospitali ya Vwawa, mimi nimemshika kwa nyuma, mume wangu akitufuata kwa nyingine na chupa yake mfukoni.

Daktari aliigeuza ile chupa, akainusa, akatuuliza ni dawa gani.

Hatukuijua.

Walikaa naye mpaka alasiri, wakaturuhusu. Akitapika au akitokwa na jasho jingi, turudi upesi. Sasa amekunywa uji na tumbo limetulia. Mwanawe alipokuja kumwangalia, alimwambia bila ukali:

“Ungeniambia, mwanangu. Ningewaacha.”

Mume wangu ameketi uani, hajagusa chakula.

Nilitaka kumlaumu, nikashindwa. Miti ile ndiyo tuliyotegemea kuezekea nyumba, na nimemwona akiing'oa miche mikavu mmoja mmoja. Nilimwambia tu kwamba vichuguu vilivyobaki tutavichimba kwa jembe hadi tumpate malkia, hata kama itatuchukua msimu mzima. Akaitikia kwa kichwa.

Kuna jambo sijamwambia. Shamba lile linateremka, na chini yake ndipo tunapochota maji.

Asubuhi nitakwenda na ndoo wapi?