Gauni Lililokuwa Mahali Pawili

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Mama Pindo (ndilo analojulikana nalo)
Umri: miaka 46
Kazi: fundi cherehani, nguo za kike
Makazi: kwa wazazi wake, nyuma ya kiwanda cha magodoro
Kuhusu: udanganyifu katika shindano la simu la televisheni

Mimi ni fundi cherehani kwa miaka ishirini na miwili. Nashonea katika chumba cha mbele cha nyumba ya wazazi wangu, na televisheni ya nyumbani imo humo humo. Wananiita Mama Pindo kwa sababu nguo haitoki kwangu kabla sijakagua pindo lake kwa mkono wangu.

Mwezi uliopita nilimshonea gauni la maua mtangazaji wa shindano la "Piga Hodi", yule ambaye watazamaji humwita Dada Hodi. Kitambaa alicholeta hakikutosha. Mkono wa kushoto nikalazimika kuukata kinyume, kwa hiyo maua ya mkono ule yanaangalia chini, na mengine yote yanaangalia juu. Mteja hakuona, nami sikumwambia. Ni aibu yangu, na fundi hasahau aibu yake.

Ijumaa tarehe 12, saa 5:20 asubuhi, dereva wa kituo chao aliniletea gauni hilo hilo. Zipu ya mgongoni ilikuwa imeng'oka. Aliniambia, "Lilimpasukia jana wakirekodi. Analitaka Jumatatu." Nikaifumua zipu yote.

Jumapili tarehe 14, saa 10:00 kamili alasiri, "Piga Hodi" ilianza. Juu ya skrini kulikuwa na maandishi mekundu: MOJA KWA MOJA. Zawadi ilikuwa jokofu. Baba yangu, mwalimu mstaafu wa Kiswahili, alikuwa amekwisha kaa na simu mkononi. Swali lilikuwa kumalizia methali: "Mwenye pupa hadiriki kula nini?" Mtoto wa chekechea angejibu. Baba alipiga, na sauti ya mashine ikamwambia, "Usikate simu. Wewe ni wa kwanza kwenye foleni."

Dada Hodi akasema, "Saa hii tunavyoongea, niko hapa studio nakusubiri wewe!" Nikainua macho. Mkono wake wa kushoto, maua yanaangalia chini. Nikatazama mapajani kwangu. Gauni lilikuwa hapo, mgongo wazi, halina zipu.

Nimeulizwa na askari kama hakuna magauni mawili. Hakuna. Kitambaa cha gauni moja hakikutosha, cha la pili kingetoka wapi?

Saa 10:04 mwanamke mmoja alisikika hewani, akajibu "tamu", akapewa jokofu. Dada Hodi akasema laini bado ziko wazi, kuna jokofu la pili. Baba hakukata. Nilimwambia, "Baba, kata. Hawapo. Hicho kipindi ni cha Alhamisi." Akaniwekea kidole mdomoni. "Mwanangu, usinipotezee nafasi. Mimi ni wa kwanza."

Alikaa kwenye laini dakika kumi na moja, akilirudia jibu lake kwenye simu. Dakika moja hapo hutozwa sawa na kumi za simu ya kawaida. Mzee wa miaka sabini na mitatu anapiga hodi kwenye nyumba isiyo na mtu, na kila hodi anatozwa! Askari ameniambia nipunguze sauti. Nimepunguza.

Naeleza kwa nini jokofu. Mama yangu anachoma sindano ya sukari, na dawa yake inatakiwa ikae kwenye baridi. Tunaihifadhi kwa jirani. Jirani anahama mwisho wa mwezi huu. Sisi watoto tulichanga tununue jokofu la mtumba, tukampa baba atunze mchango. Jumapili ile nilipomnyang'anya simu ndipo aliponiambia mchango umekwisha wote. Hakuunywea pombe. Aliupigia simu, Jumapili sita mfululizo, na majibu yote alikuwa nayo.

Jumatatu tarehe 15, saa 3:40 asubuhi, Dada Hodi mwenyewe alikuja kuchukua gauni. Nilimuuliza jana saa kumi alikuwa wapi. Akacheka. "Kwenye harusi ya binamu yangu. Kwani vipi, fundi?" Nikamwambia baba yangu alikuwa anamsubiri kwenye simu. Akaacha kucheka. Akasema, "Mama, hiyo ni televisheni tu. Kila mtu anajua."

Nikamwambia, "Mzee wangu hajui."

Akasema yeye husoma tu anachoandikiwa, nimpe nguo yake aende. Nilimjibu nguo yake ataikuta polisi. Nimeileta, imo kwenye mfuko huu, zipu sijaitia. Wengine wataniita mtu wa maneno mengi kwa kushtaki mteja. Waniite. Mwizi anayeingia dirishani angalau hakuambii usikate simu.

Naomba na hili liandikwe. Jana jioni baba aliniita. Akaniuliza, "Lakini jibu langu lilikuwa sahihi?" Nikamjibu lilikuwa sahihi, yote sita yalikuwa sahihi. Akasema, "Basi walikuwa wananisikia."

Haya ndiyo maelezo yangu. Nimesomewa mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza paliandikwa "anadai kuona", nikataka pafutwe. Sidai. Niliona.

Sahihi ya shahidi: (ametia sahihi)

Maelezo ya askari: Nimeyaandika maelezo haya leo tarehe 16, kuanzia saa 4:10 hadi saa 5:35 asubuhi. Nimepokea gauni moja la maua, halina zipu, kama kielelezo. Naomba jalada hili akabidhiwe askari mwingine. Mimi nami nilipiga namba hiyo Jumapili tarehe 14, saa 10:06 alasiri, na niliambiwa ni wa kwanza kwenye foleni.