Shingo Iliyoombewa Jumatano

Shangazi Syombua mpendwa,

Naomba unisaidie kabla ya Jumapili, maana Jumapili nitasimama mbele ya kanisa zima kutoa ushuhuda wa jinsi shingo yangu ilivyopona kwa maombi, na shingo yenyewe niliiumiza mwenyewe nikicheza ule muziki wa kelele wa metal, na hapo kanisani hakuna anayejua.

Acha nianze mwanzo ndio unielewe. Mimi ni mama wa miaka arobaini na saba, naishi mtaa wa Tena, huku Eastlands, kazi yangu ni ukarani, na kwaya nimeimba alto mwaka wa kumi na mbili sasa. Mume wangu ni dereva wa lori, siku nyingi yuko njia ya Malaba. Jirani yangu wa mlango kwa mlango nitamwita Mama Adongo, jina nimebadilisha, na Shangazi, huyu si jirani tu, nilipofanyiwa upasuaji yeye ndiye alinipikia uji na kunifulia mwezi mzima, na ndiye kiongozi wa maombi ya akina mama, na hata wewe nilikujua kwa sababu yake, kwani kila Jumamosi asubuhi tunakaa koridoni, yeye anasoma safu yako gazetini kwa sauti na mimi nachambua mboga za managu, tunawacheka wenye shida zao. Leo mwenye shida ni mimi.

Metal niliitoa kwa Jacky, binti ya dada yangu anayeishi mtaa wa Pipeline. Mwaka jana nilienda kumsalimia nikakuta jirani yake wa juu anavunja sakafu kwa nyundo tangu asubuhi, kichwa kikaanza kuniuma, Jacky akanivika vile visikizio vyake vikubwa akasema, "Anti, sikiza hii, hutasikia hiyo nyundo." Kweli nyundo sikuisikia. Nilisikia gitaa limekasirika, ngoma zinakimbizana, na jamaa mmoja ananguruma kama mtu aliyekwamwa na mfupa kooni, na mimi ambaye kazini kila faili ikipotea naulizwa mimi, nikahisi kwamba hatimaye kuna mtu anasema ninavyojisikia. Kuanzia siku hiyo nikawa nasikiliza nikipika, nikikunja nguo, hata nikienda mazoezi ya kwaya, na maneno ya hizo nyimbo sijui hata moja.

Sasa wiki mbili zilizopita Jacky akanipigia simu. "Anti, uko na form Jumamosi?" Nikamuuliza form ni gani. Akasema bendi tatu zinacheza kwenye ukumbi mmoja huku huku Eastlands, kuanzia saa nane mchana, na ameshanichukulia tiketi. Nikasema mimi siendi popote na umri huu, na nikisema hivyo tayari nilikuwa natafuta sketi nyeusi. Ile niliyopata ni ya kwaya. Mama Adongo akaniona natoka akaniuliza naenda wapi, nikamwambia naenda kumwona Jacky, na huo si uongo, nilimwona.

Mlangoni askari akafungua mkoba wangu akapata chupa ya chai na mandazi kumi na mbili, maana mimi siwezi kwenda mahali pa watu mikono mitupu. Akafungua chupa akanusa, akaniangalia, akanusa tena. "Mathe, hii ni chai?" Nikamwambia ni chai ya maziwa na tangawizi, akitaka kikombe aseme. Akasema. Nikammiminia.

Ndani kulikuwa na vijana wamevaa nyeusi kama matanga, lakini Shangazi, sijawahi kuona watoto wenye adabu namna hiyo, kila mmoja ananiamkia, mwingine ananitafutia kiti, na mimi kiti sikukikalia. Bendi ya pili ilipopanda, yule mwimbaji akanguruma kitu kirefu halafu kukawa kimya, na mimi nilivyozoea, mtu akimaliza kusema kwa nguvu jukwaani, mdomo ukajifungua wenyewe nikasema, "Amina." Ukumbi mzima ukageuka. Nikatamani ardhi inimeze. Mwimbaji akaniangalia, akainua mkono, akasema kwenye maikrofoni, "Mathe amesema Amina," na watu wote wakaitikia Amina, na tangu hapo kila wimbo ukiisha ilikuwa ni Amina, hata nikaanza kuimba alto chini ya ule mngurumo na inaingia vizuri sana. Baadaye Jacky akaniambia ule wimbo ulikuwa wa kulalamikia mifereji ya maji kukauka mtaani, kwa hivyo Amina yangu naona ilikuwa mahali pake.

Halafu wakafungua duara. Hilo duara watu wanaingia wakisukumana na kukimbia, na nilidhani ni vita, Jacky akasema, "Anti, baki hapa," nikamkabidhi mkoba nikaingia. Nikasukumwa, nikasukuma, nikatikisa kichwa mpaka kitambaa kikaruka, kiatu kimoja kikanitoka, na papo hapo vijana wote wakasimama wakanizunguka mikono wazi nisikanyagwe, muziki unaendelea, wao wameinama wanatafuta kiatu cha mathe, na kilipopatikana kikainuliwa juu watu wakashangilia, nikavaa, tukaendelea. Sijafurahi hivyo tangu harusi yangu, na hata harusini nilikuwa na wasiwasi kwamba nyama haitatosha. Saa moja na nusu jioni nilikuwa nyumbani. Nikampigia mume wangu nikamweleza yote, akacheka mpaka ikabidi aegeshe lori.

Shida ilianza asubuhi. Shingo haikugeuka. Sauti pia ilikuwa imekwisha, nikasimama kwaya nikitazama mbele tu na kufungua mdomo bila kutoa kitu. Baada ya ibada Mama Adongo akaniuliza shingo imefanya nini, na hapo ndipo nilipokosa, nikamwambia nimelala vibaya. Akaniangalia sana. "Mama, shingo haiwezi kulala vibaya pamoja na sauti," akasema. "Hivi ni vita. Na vita hivi hutapigana peke yako."

Shangazi, alifunga siku tatu. Huyu mama ana vidonda vya tumbo. Mimi niko nyumba ya pili najichua dawa na kumeza tembe za maumivu, yeye yuko kwake amefunga kwa ajili ya shingo yangu. Jumatano jioni akaleta akina mama kumi na mmoja nyumbani kwangu, wengine wametoka kazini moja kwa moja, wakanikalisha kiti cha katikati, wakanipaka mafuta ya zeituni, wakanishika shingo wote kwa pamoja, ikauma kuliko konsati. Alhamisi asubuhi nikasikia muuza maziwa amefika, nikageuka bila kufikiri, na kumbe Mama Adongo yuko mlangoni kwake ananiona. Alipiga ukemi mpaka watu wa gorofa ya nne wakashuka. Siku hiyo hiyo alikwenda kwa mchungaji, huyu nitamwita Nabiswa, na jina langu sasa liko kwenye ratiba ya ibada ya pili, "Ushuhuda wa uponyaji."

Nikisema ukweli nitamvunja moyo Mama Adongo na labda kwaya niage. Nikinyamaza nitakuwa nimemdanganya Mungu kwa maikrofoni. Na jambo la mwisho, ambalo linaniaibisha kuliko yote, kuna konsati nyingine tarehe kumi na nane na mimi nataka kwenda.

Ni mimi,
Mama wa Alto, Tena

*

Mama wa Alto,

Nilisoma barua yako hapa ofisini nikacheka mpaka mhariri akaja kuuliza kama niko sawa. Nilipofika pale pa vidonda vya tumbo nikaacha kucheka.

Tuondoe konsati njiani kwanza. Ulienda mchana, mume wako anajua, ulikunywa chai yako mwenyewe, ukamkaribisha hadi askari, na saa moja na nusu ulikuwa kwako. Kuna harusi nilizohudhuria ambazo watu hawakurudi na heshima hiyo. Huo muziki niliujaribu jana kwa ajili yako, dakika moja na nusu, nikazima nikanywa maji. Si wangu. Lakini sioni hapo kesi ya kunipelekea mimi wala mchungaji.

Kosa lako ulilifanya Jumapili, na ulijua unapolifanya. Rafiki aliyekufulia nguo mwezi mzima alikuuliza shingo imefanya nini, na wewe ukamwona kama mtu ambaye hawezi kubeba habari kwamba ulikuwa unacheza. Ungemwambia siku ile, mngecheka hadi jioni. Badala yake ulimwacha alale njaa siku tatu, ukakaa kwenye kiti cha katikati, ukawaacha akina mama kumi na mmoja walioacha majiko yao wakushike shingo, na wakimaliza bila shaka ukasema Amina. Ile Amina ya ukumbini ilikuwa na ukweli kuliko hiyo. Aibu yako iko hapo, mama, haiko kwenye duara.

Na usije ukasimama huko kanisani ukasema ni dawa ya kuchua iliyokuponya, ili uonekane mkweli. Hujui kilichokuponya. Mimi pia sijui. Unachojua ni kilichokuumiza, na hicho ndicho unachodaiwa kusema.

Sasa nisikilize vizuri, kwa sababu muda huna. Unafikiri umejificha. Jirani umembadilisha jina, halafu ukaniandikia Tena, alto, upasuaji, mume wa njia ya Malaba, mafuta ya zeituni na watu wa gorofa ya nne. Wanaokufahamu wameshakufahamu. Na kuna kitu umeniambia mwenyewe halafu ukakisahau. Gazeti hili linatoka Jumamosi. Jumamosi asubuhi ni nani anayesoma safu hii kwa sauti hapo koridoni kwenu? Kwa hivyo usinihesabie mpaka Jumapili. Muda wako ni wa kuchambua shada moja la managu.

Liache hilo sinia la managu. Kama umelipata gazeti kabla yake, nenda ubishe mlango wa Mama Adongo sasa hivi, na usianze na habari ya rafiki yako mmoja ambaye ana shida. Mwambie, "Shingo niliiumiza nikicheza, nikakuficha kwa sababu niliogopa utanidharau, na umefunga bure ukiwa mgonjwa, nisamehe." Halafu nyamaza. Usijitetee, usitaje Jacky, usimwambie vijana walikuwa na adabu. Mwache akasirike, ana haki ya kukasirika leo na hata kesho. Akifunga mlango, rudi kwako ukampikie uji, umpelekee, ubishe tena. Safari hii uji ni zamu yako.

Ukitoka hapo nenda kwa mchungaji leo leo, usimngoje mimbarini. Mwambie kila kitu na umwombe aliondoe jina lako kwenye ratiba. Akisema usimame hata hivyo, basi simama useme ulivyojiumiza, ulivyoficha, na kwamba wanawake kumi na mmoja walikuja kwako Jumatano bila kuuliza maswali. Huo ni ushuhuda, na kila neno ndani yake ni kweli. Wakikusimamisha kwaya mwezi mmoja, kaa nyuma na waumini wengine uimbe hapo hapo. Alto haihitaji joho.

Kuhusu tarehe kumi na nane, mimi siwezi kukukataza, na hata nikikukataza nimeona unavyokataa huku unatafuta sketi. Nenda. Lakini miaka kumi na miwili unapasha sauti kabla ya kuimba, na bado ulitikisa shingo ya miaka arobaini na saba bila kuipasha hata dakika moja? Inyooshe kabla, funga viatu vya kamba, na hiyo sketi ya kwaya iache nyumbani. Chai beba. Ongeza mandazi.

Na wewe Mama Adongo, kama umefika hapa kabla hajabisha, najua umeshusha gazeti. Pole, mama. Umefanyiwa vibaya na mtu anayekupenda, na nadhani kinachokuuma zaidi ni kwamba alifurahi namna ile na hukuambiwa. Kasirika kiasi unachotaka, halafu umfungulie. Na hasira ikipungua, muulize hiyo ya tarehe kumi na nane inaanza saa ngapi, ili safari hii umwombee shingo kabla hajatoka nyumbani.

Shangazi Syombua