Sindano za Gitaa Langu

Mama Njeri,

Nimefunga mlango nikuandikie, maana Njeri akiniona na kalamu ataanza kulia, na mimi leo sina nguvu ya kumbembeleza mtu. Ni miezi mitano tangu tukuzike hapa Gatitu, na katika miezi hiyo sijapata sauti nzuri ya gitaa hata siku moja. Najua marehemu huandikiwa mambo makubwa. Mimi nina hili tu, na limenimaliza.

Unakumbuka tulivyokuwa tukifanya. Mimi, Kariuki mwimbaji wetu na mpiga ngoma tunafika ukumbini mapema. Naweka spika yangu juu ya kreti ya soda, nailaza kidogo inielekee usoni, na wewe unaenda zako nyuma kabisa, kule akina mama wanakopakua chakula. Napiga kidogo. Ukishika hereni, sauti nyembamba imezidi. Ukishika mkanda wa sketi, besi imezidi. Ukikunja mikono, niache kuchezea vitufe nipige. Watu wakishajaa na majaketi yao ya baridi, wakaimeza sauti, unarudi tena nyuma tuanze upya. Kariuki kwa muda mrefu alidhani unafuata chakula.

Na kila mara ulishika hereni. Kila mara! "Baba Njeri, hiyo gitaa yako iko na sindano mingi sana," uliniambia tukirudi nyumbani, na mimi nanuna. Nilijisemea moyoni, huyu ni mwalimu wa nasari, gitaa atalijulia wapi. Nilipunguza kwa ajili ya amani ya nyumba tu. Unisamehe hapo.

Siku ya mazishi yako nilipiga. Mama yako alisimama kuimba wimbo wa kanisani, nikamsindikiza. Nilikuwa silisikii gitaa vizuri, nikaongeza sauti nyembamba, nikaongeza tena. Hakuna aliyeniambia kitu. Huku kwetu nani atamwambia mfiwa apunguze kelele kando ya kaburi la mke wake? Walikuja mmoja mmoja kunishika mkono. "Pole, mzee. Umepiga vizuri." Nikawaamini. Baada ya hapo kila tulikoenda watu walinihurumia, na mimi nikazidi kuongeza.

Kutus ndiko mambo yalikoharibika. Ilikuwa harusi. Nyanyake bibi harusi alijifunika masikio kwa leso, na wageni wakabeba sahani zao wakaenda kumalizia chakula nje kwenye jua. Kariuki alinivumilia mpaka tukamaliza kupakia vyombo. "Mzee, mimi nakuheshimu," akasema, "lakini hiyo gitaa inatoboa watu masikio. Nimenyamaza kwa sababu ya Mama Njeri. Sasa siwezi." Nikamwambia hajui gitaa ni nini. Nikamwambia na mengine, ambayo wewe ungeyasikia ungeninyima chai wiki nzima.

Njeri ndiye aliyeleta simu. Alikuwa amerekodi mazishi, akaficha. Aliiweka mezani tukasikiliza wote wawili, na ulipofika wimbo wa mama yako, mtoto alikunja uso akarudisha kichwa nyuma. Mimi sikusikia ubaya wowote. Nilisikia gitaa zuri. Tukatazamana, na hapo nikaanza kuogopa.

Akanipeleka kwa daktari wa masikio mjini. Nilivishwa hedifoni, nikaambiwa ninyooshe mkono kila nikisikia mlio. Nikakaa. Nikaendelea kukaa. Mwishowe nikamwambia daktari mashine yake imekufa. Akasema kwa upole, "Mzee, tumekaribia kumaliza." Sauti nyembamba zimekwisha kwangu, na si jana wala juzi. Alisema ni kitu cha miaka mingi.

Tulipotoka nje ndipo Njeri akaniambia kwamba ulijua. Ati ulimwambia, "Usiambie baba yako. Akijua atawacha gitaa, na akiwacha gitaa tutaishi na yeye vipi hapa nyumbani?" Nilicheka kidogo kwa sababu nilikusikia kabisa ukiyasema. Kisha nikakasirika, Mama Njeri, na bado nimekasirika. Miaka yote hiyo ulikuwa ukinisikilizia, halafu ukaenda bila kunifundisha kusikiliza bila wewe. Ungeniambia ukiwa hai ningebisha, ningenuna mwezi mzima, lakini ungekuwepo. Sasa nimejua, na sina wa kumuuliza chochote.

Kuna jambo moja linanila. Ile sauti niliyoipenda, ile kali, safi, niliyodhani ndiyo kipaji changu, hakuna mtu mwingine aliyewahi kuifurahia. Wao walisikia sindano. Ile waliyoicheza, ile waliyonisifia huku Nyeri na Kirinyaga na kwingineko, ilikuwa yako, na mimi nilikuwa nikiipiga nimekunja uso. Sijui basi mimi nilikuwa mwanamuziki wa aina gani. Gitaa liko kwenye mfuko wake nyuma ya kochi tangu tutoke kwa daktari. Nimewaza kuliuza. Nimewaza kuliacha hapo hapo lishikwe na kutu.

Jana Kariuki alikuja. Hakutaja habari za Kutus. Alikunywa chai, akamsalimu Njeri, akasema Jumamosi kuna harusi Karatina. "Ukikuja tutashukuru. Usipokuja pia tutaelewa." Nilikuwa nimejiandaa kumwambia nimeacha. Badala yake nikamwongezea chai.

Basi nitaenda. Usidhani nimepona, sijapona, na sioni nikipona. Naenda kwa sababu kumbe ulinyamaza miaka yote hiyo ili nisiache, na mimi sina kitu kingine cha kukupa. Nakuahidi hivi: nitapunguza mpaka gitaa lisikike kwangu kama limefunikwa blanketi. Nitapunguza mpaka nilichukie, na hapo ndipo nitaacha kuchezea vitufe nipige. Watu watacheza. Mimi nitasimama mbele yao nikipiga muziki ambao siusikii vizuri na siupendi, na vidole vyangu vitataka sana kurudi kwenye kile kitufe.

Lala, mke wangu. Sitaongeza.

Baba Njeri