Baiskeli Tatu za Mzee Yona

Jumatatu, 2 Juni

Baridi na upepo. Vumbi la Chamwino limeingia mpaka kwenye kopo la grisi. Nimeziba pancha, nimenyoosha rimu ya katekista, nimekunywa chai ya rangi bila kitafunwa. Mchana washenga kutoka Gulwe wameshusha baiskeli tatu kuukuu kwenye lori la vitunguu, mbele ya kibanda changu.

Kisa chenyewe: kijana Amosi anamposa Debora, binti wa dada yangu Eva. Ukame umemaliza ng'ombe wa baba yake, Mzee Yona. Kwa hiyo mahali pa ng'ombe watatu wa mwisho wa mahari analeta baiskeli. Eti ni za Mwingereza, za kale, wenye mahoteli wanazitafuta kwa mapambo. Mimi ni mjomba na ni fundi, na Eva kasema nitakalolisema ndilo litakalokuwa. Sijafurahi. Tangu lini mahari ikawa na kengele?

Jumanne, 3 Juni

Nimezikagua. Zote nyeusi, rangi ya kupakwa kwa brashi. Nembo za mbele hazipo, yamebaki matundu ya ribiti. Nimekwangua kidogo, chini kuna kijani.

Nilidhani ni za Kichina zilizovishwa kanzu. Spana za milimita zikacheza kwenye nati. Nikafukua spana za inchi za marehemu baba, zikakaa barabara. Breki za fito. Fremu nzito, viungo vya shaba. Ni za Mwingereza kweli.

Hilo ndilo lililonitia wasiwasi. Angekuwa amedanganya, ningemwelewa, ndiyo kawaida ya posa. Lakini pacha watatu wa aina hii, mkulima wa Gulwe kawatoa wapi?

Alhamisi, 5 Juni

Chini ya bomba la juu kuna mabano mawili ya kubebea kitu kirefu. Tangu nianze ufundi sijayaona. Bunduki? Vifaa vya reli? Reli inapita pale pale Gulwe.

Kuna baya zaidi. Chini ya tandiko, panapokaa namba, tupa imepita. Mikato miwili kushoto, mmoja kulia. Zote tatu hivyo hivyo. Mtu hafuti namba ya mali yake.

Jumamosi, 7 Juni

Swalehe amepita. Huyu ni Mrangi wa Kondoa, anauza masufuria kwenye minada ya Mpwapwa yote. Kaitazama ya kwanza, kacheka.

"Fundi, hii si ya yule bwana wa Kibakwe? Miaka yote namwona nayo."

Na ya pili anaijua. Ilikuwa Godegode, nyumba ya mjane mmoja. Basi. Lisemwalo lipo. Baiskeli za watu, zimekusanywa nyumba kwa nyumba, zimepakwa rangi ili tulipwe nazo mahari. Nimekasirika mpaka nimeangusha spana.

Jumapili, 8 Juni

Baada ya ibada nimemweleza Eva. Amewapigia washenga simu palepale, nami nikachukua simu nikalitamka neno lenyewe: wizi. Mazungumzo yamefungwa.

Debora alikuwa mlangoni. Akaniuliza nimemwona nani akiiba. Nikamwambia chuma hakisemi uongo. Jioni amenipita uani bila shikamoo. Mtoto niliyembeba mgongoni! Imeniuma, lakini heri alie sasa kuliko kuja kulia akiwa mke wa mtoto wa mwizi.

Jumanne, 10 Juni

Washenga wamekuja kuzichukua. Nimekataa. Nimezifunga mnyororo kwenye nguzo, nikawaambia zitatoka zikifuatwa na wenyewe. Nilitaka wafoke, hawakufoka. Mshenga mkubwa kasema tu kwamba Mzee Yona ananiita Gulwe, nikamuulize mwenyewe.

Wito huo siupendi. Mtu mwenye hatia hujifanya mkarimu.

Debora hali chakula. Eva ameanza kuniangalia vibaya naye. Kama nimekosea, nimemvunjia mtoto ndoa. Sijakosea. Nitakwenda.

Alhamisi, 12 Juni

Niko Gulwe. Naandika kwa aibu, bora niseme hivyo.

Nimefika mchana nikiwa na maswali yangu tayari. Mzee Yona ni mwembamba, mpole, ana jicho moja lenye mtoto wa jicho. "Mbukwa, mjomba," kaniamkia kwa Kigogo, kama vile sijawahi kumwita mwizi. Wakaleta ugali wa uwele na mlenda. Nikala kidogo, kwa tahadhari. Nikauliza kuhusu Kibakwe, nikauliza kuhusu Godegode. Akasema tule kwanza.

Ng'ombe wake waliobaki wakarudi kutoka malishoni. Wachache, mbavu zinahesabika. Wakapita karibu yangu kwenda kisimani, nami nikawa natazama masikio bila kuwaza lolote. Sikio la kushoto limekatwa mara mbili. La kulia mara moja. Wa kwanza hivyo, wa pili hivyo, wote hivyo.

Nikarudisha tonge sahanini.

Mimi ni Mgogo. Baba yangu alikuwa na ng'ombe, nao walikuwa na alama yao masikioni. Nimekaa na spana mpaka nimeisahau. Tupa haikufuta namba. Tupa ilitia alama.

Ndipo mzee akaeleza. Baba yake alikuwa mnyapara Kongwa, kwenye yale mashamba ya karanga ya Waingereza. Mabano yale yalibeba fito za kupimia shamba. Mradi ulipokufa akapewa baiskeli tatu, ujira wake wa mwisho. Mtu wa ng'ombe, angejua nini kingine? Akazitia alama, akafanya kama tunavyofanya na mifugo: hukai na mali yote boma moja, ugonjwa ukaimaliza. Moja akaipeleka kwa rafiki Kibakwe, moja Godegode, moja akabaki nayo. Mtunzaji anakunywa maziwa, ng'ombe ni wa mwenyewe. Wao walipanda, mali ikabaki yake. Nembo ziling'olewa na watoto, wakatengenezea mikufu. Rangi kapaka mzee mwenyewe juzi, zipendeze kwa wakwe.

Mwaka huu alipozihitaji kwa ajili ya Amosi alikwenda kuzidai. Yule mjane hata hakuuliza. Aliifuta vumbi akampa.

Nikapiga magoti. Sikumbuki nilisema nini. Mzee akaniambia niinuke, suruali itachafuka.

Ijumaa, 13 Juni

Nimerudi. Nimefungua mnyororo kabla hata ya kunawa uso, nimezipakia zote tatu kwenye lori zirudi Gulwe. Nimemwambia Eva yote, naye akaniita jina ambalo siliandiki hapa. Halali yangu.

Debora alisikiliza akiwa amenipa mgongo, anapepeta uwele. Nikamwomba radhi. Akaendelea kupepeta. Mchimba kisima huingia mwenyewe, nami nimo humo.

Jumapili, 22 Juni

Upepo umetulia. Washenga walirudi jana na mambo yamekubaliwa: baiskeli mbili, na mbuzi kufidia ile ya tatu. Sikuelewa kwa nini ya tatu imeondolewa. Eva pia hakuelewa. Tukakubali, maana mimi sina tena mdomo wa kuhoji.

Leo mchana Amosi amekuja na Debora kibandani. Debora kaniamkia, sauti ndogo, lakini kaniamkia. Amosi akaiegemeza baiskeli ya tatu kwenye nguzo, ile iliyokuwa ikikaa kwa baba yake. Akasema hii haimo kwenye mahari, wala si zawadi. Baba kasema aitunze mjomba.

Nikaigusa ile alama chini ya tandiko. Mali kama hiyo haipelekwi kwa mtu usiyemwamini.

Nikamuuliza nikae nayo mpaka lini. Akasema baba hakutaja.

Walipoondoka nimeipaka mafuta kwenye cheni, nimejaza upepo, nimeiingiza ndani.