Nani Kaiomba Bastola Nyengine?

Ijumaa, baada ya magharibi. Joto la mtaa wetu huu wa Khuwair limenikaa kifuani, na roho yangu leo haiko pahala pake.

Na nyinyi mmepotea wapi? Muda wote huo hata kuchungulia ukurasa wangu huu hamchungulii! Mwangoja nife ndo mje kuandika "Allah amrehemu"? Haya, kaeni. Mimi sikusoma. Nasema, mjukuu wangu Raya anaandika, na nshamwambia asinipambie maneno.

Leo mwanangu Seif kaniletea bastola nyumbani.

Si ya kweli, ya mfano tu, plastiki. Kaja nayo baada ya sala ya Ijumaa, pamoja na mgeni, mtu wa kiwanda, kavaa suti kwa joto hili. Kiwanda chao kinatoa bastola mpya, na wanamtaka Seif aache kazi yake ya kuuza magari kule mtaa wa Wattaya, awe akiizungusha nchi na nchi kutafuta wanunuzi. Kabla hajatia saini kaja kutaka radhi yangu. Kwa hilo alhamdulillah, bado anajua ana mama.

Lakini kitu chenyewe kakiweka busatini, baina ya halwa na tende! Nikakifunika kawa, kama chakula.

Mimi siogopi silaha. Bunduki ya babu yake naifuta vumbi kwa mkono wangu, na harusini wanaume wanacheza nayo. Nilitaka kujua jambo moja tu: hii mpya kwa lipi? Umri wote huu sijasikia pahala bastola zimeadimika.

Mgeni akasema, kwa Kiarabu chake, kuwa hii ni nyepesi, inabeba risasi zaidi, na mshiko wake unakaa vizuri mkononi.

"Na waliopigwa kwa zile za zamani," nikamuuliza, "walilalamikia mshiko?"

"Mama!"

"Mama nini? Nazungumza na mgeni wangu."

Seif akaanza kunieleza: soko kubwa, mapolisi, vilabu vya shabaha, nafasi bado ipo. Huku anasema, huku anammiminia mgeni kahawa. Mgeni keshafundishwa kuwa ukitosheka watikisa kikombe. Akatikisa. Seif, kazama kwenye maneno yake, akammiminia tena. Maskini akanywa, akatikisa. Akamiminiwa tena.

"Mtazame mwenzio," nikamwambia. "Katosheka, anatikisa, na wewe bado wamimina. Na hao wanunuzi wako ndo hivyo hivyo. Wanazo mpaka hawajui waziweke wapi."

Raya alicheka. Seif hakucheka.

"Hata magari yamejaa, mama, na tunayauza."

"Gari yampeleka mgonjwa hospitali. Hii yako yampeleka nani wapi?"

Akaliweka birika la kahawa chini. Kisha akauliza polepole, "Basi radhi sipati?"

"Radhi yangu unayo tangu nakunyonyesha, sikunyang'anyi. Lakini kwa kazi hii usiniombe."

Akainua kawa, akachukua plastiki yake, akaondoka na mgeni wake. Wali na nguru niliompikia hakugusa.

Najua kilichomvuta. Ndevu zimeingia mvi, na pale kazini vijana aliowafundisha yeye ndio wanaomwamrisha sasa. Akatokea mtu wa suti akamwambia, wewe ndiye tunayekutaka. Nani asingesimama akasikiliza? Mwanangu hana tamaa. Mwanangu kachoka kupitwa.

Wallahi linaniuma.

Na bado nasema hapana.

Na akitia saini bila ya radhi yangu, je? Ntamfungia mlango? Tangu alasiri najiuliza. Sifungi. Ntamsema mpaka ajute kuzaliwa na masikio, kisha ntampakulia.

Raya, andika hivyo hivyo.

Na nyinyi, mkija tena, msiniulize Seif kasaini au hakusaini. Niulizeni kama kaja kula.